Tatu, moja, sifuri: nilivyozunguka na talaka yangu kwa masheikh

Siku ya kwanza niliambiwa nimeachwa talaka tatu. Wiki ya pili nikaambiwa ni moja tu. Mwezi wa pili nikaambiwa sijaachwa kabisa, mi bado mke wa mtu, nirudi nyumbani nikapike. Na wote walionambia hivyo walikuwa watu wenye elimu, kila mmoja ana Msahafu mbele yake, na wote wanategemea aya zilezile za Suratul Baqara na Suratut Talaq. Naandika haya kwa sababu karibu kila mwezi kuna mdada ananipigia anauliza nilifanyaje, na kiukweli nilifanya vibaya karibu kila hatua, kwa hiyo acha niseme yote mara moja.

Mi ni wa Tanga, nimeolewa Dar, Temeke. Miaka tisa ya ndoa, watoto wawili. Usiku ule ugomvi ulikuwa wa hela ya kikoba, nilimkopesha kaka yangu bila kumwambia baba watoto, akajua kwa mtu wa nje, akarudi amewaka. Nilikuwa jikoni wali uko motoni, yeye kasimama mlangoni, tukajibizana weee mpaka mi nikasema neno ambalo mpaka leo najuta, nalo siliandiki hapa. Akasema: "Nimekuacha, nimekuacha, nimekuacha!" Kisha akatoka akaenda kukaa barazani. Wali ukaungua, harufu ikajaa nyumba nzima, mi nimesimama tu na mwiko mkononi. Kwetu Tanga neno hilo hata kwa mzaha halitamkwi.

Nikafunga begi, nikabeba mtoto mdogo, nikaita bajaji, huyooo Mbagala kwa kaka. Hilo kosa la kwanza na ndo lililonigharimu hela nyingi kuliko mengine, nitafika huko. Nilidhani mwanamke akiachwa anaondoka, basi, ndo tunavyoona mtaani na kwenye maigizo. Kumbe aya ya kwanza kabisa ya Suratut Talaq inasema msiwatoe katika nyumba zao, wala wao wasitoke. Eda, ule muda wa kungoja baada ya kuachwa, kwa talaka rejea, yaani ile ambayo mume bado anaweza kukurudia, inakaliwa nyumbani kwa mume. Hakuna aliyeniambia, na mi sikuuliza.

Asubuhi nikampigia sheikh aliyetufungisha ndoa. Nikamwambia, "Sheikh, mume wangu kanipa talaka tatu." Akasema inna lillahi, akaniuliza kama nina mimba, nikasema sina, akasema basi mwanangu, umekuwa haramu kwake mpaka uolewe na mwanamume mwingine ndoa ya kweli, na huyo naye akuache au afe. Simu haikufika dakika mbili. Nilimlaumu sana yule mzee baadaye lakini sasa hivi simlaumu kihivyo. Alijibu alichoulizwa. Mi ndo nilisema "tatu". Mume wangu neno tatu hakulitamka, alisema "nimekuacha" mara tatu, na wewe msomaji unaweza kuona ni kitu kilekile, mi pia niliona hivyo. Shika hapo tutarudi.

Kwa hiyo ukipiga simu kuuliza usifupishe. Sema maneno kama yalivyotoka mdomoni mwa mtu, hata kama yana matusi. Na kama sheikh hajakuuliza maswali, mwambie aulize.

Kaka yangu ana rafiki ni kijana wa Answar Sunna, wale Masuni wasiojifunga na madhehebu, suruali juu ya kifundo cha mguu, mtu mzuri sana. Akasema hapana, dada asikate tamaa, akanipeleka kwa sheikh wao. Yule alinikalisha karibu saa nzima. Akanifungulia Baqara 229, pale inaposema talaka ni mara mbili, akasema "mara" maana yake tukio baada ya tukio, huwezi kusema "subhanallah mara mia" kwa neno moja ukahesabiwa mia. Akanisomea hadithi ya Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, iliyo kwenye kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim, kwamba zama za Mtume, na za Abubakar, na miaka miwili ya ukhalifa wa Umar, tatu za mkupuo zilikuwa zinahesabiwa moja, ndipo Umar akaona watu wanaharakia jambo walilopewa nafasi ndani yake, akawapitishia tatu. Akasema ndo msimamo wa Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa zamani wanayemtegemea sana, na kwamba hata Misri sheria yao tangu 1929 inahesabu moja. Nikatoka pale natembea kama nimepewa zawadi.

Nikampigia mama Tanga nimfurahishe. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, sisi ni Mashafii, tunafuata madhehebu ya Imam Shafi. Baba yako na babu yako wamezikwa Mashafii. Usije ukalala na mtu kwenye zinaa kwa fatwa ya kuazima." Nililia siku ile kuliko hata usiku wa talaka.

Na si kwamba nilikuwa sijui kuwa maimamu wanatofautiana. Kwetu nilikua naona baba akishatia udhu, mama anampa kanzu kwa kunyoosha mkono mbaaali asije akamgusa, kwa sababu kwa Mashafii ngozi ya mume na mke ikigusana udhu umetenguka. Jirani zetu walikuwa Wahindi Mahanafi, yule bibi anamfunga mumewe vishikizo kabisa mtu anaelekea msikitini. Nikiwa madrasa nikamuuliza mwalimu, akasema ni neno moja tu kwenye Suratun Nisai, "kugusa wanawake", Imam Shafi kalichukua ni kugusa kwa mkono, Imam Abu Hanifa kasema ni lugha ya heshima ya kusema tendo la ndoa. Tulicheka tukaona tamu. Lakini udhu ukiwa na shaka unachota maji tena yameisha. Hapa nilikuwa na watoto wawili na mwanamume ananitumia meseji kila usiku "umekula?", na sijui kama kumjibu ni dhambi au ni haki yake.

Hapo ndo nikaingia kwenye ugonjwa wa kuulizauliza. Nikawa nikikutana na kanzu nauliza. Nilikuwa nafanya kazi duka la vitambaa Kariakoo, mwenye duka mama wa Kihindi, Shia Ithnaasheri, mtu mzima wa heshima. Siku moja kanikuta macho yamevimba nikamsimulia. Akaniuliza swali ambalo hakuna Suni yeyote aliyeniuliza: "Mashahidi walikuwa nani?" Nikamwambia mama, shahidi alikuwa wali unaoungua. Akacheka mpaka akakaa. Akasema kwao bila wanaume wawili waadilifu kusikia, hiyo si talaka ni kelele, na akanionyesha aya ya pili ya Suratut Talaq, "na mshuhudishe waadilifu wawili miongoni mwenu". Aya hiyo nilikuwa nimeshaisoma kwa Sheikh Farsy, ile Qurani Takatifu yake ya 1969 ambayo marehemu baba alikuwa nayo, jalada limeshikwa na gundi. Sikuwahi kuisimamia. Masuni wengi wanasema huko kushuhudisha ni jambo zuri lakini si sharti, Mashia wanasema ni sharti. Aya moja.

Mi siyo Shia na sikuwa na mpango wa kuwa Shia kwa ajili ya mwanamume, lakini nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa zaidi.

Sasa hili la sifuri. Kitu ambacho sikukisema kwa sheikh yeyote, kwa aibu, ni kwamba usiku ule nilikuwa kwenye siku zangu, siku ya pili. Kuna mwanamke anafundisha wanawake wenzake pale Mbagala, mke wa ustadhi mmoja wa Answar, nilipokaa naye ndo likanitoka. Akashtuka, "Mbona hukusema mapema?" Kumuacha mwanamke akiwa hedhi ni haramu kwa makubaliano ya wote, hiyo inaitwa talaka ya bida, yaani iliyotolewa kinyume na mafundisho ya Mtume, ila wametofautiana je inapita au haipiti. Akamuuliza mumewe, jibu likaja: haipiti. Ibn Taymiyya na wanaomfuata wanasema haikuwa talaka ile, ni batili toka mwanzo. Kwa hiyo nilikuwa nimeshapata tatu, moja, kelele, na sifuri. Jamani.

Wanawake wenzangu, tafadhali, mambo ya hedhi ndo yanayobeba hukumu nzima ya talaka na eda. Mkionea aibu masheikh tafuteni mke wake, tafuteni mwalimu wa kike, andikeni kwenye karatasi mkampe, lakini semeni. Na muwe na daftari la tarehe. Mi nilikuwa nalo kwa bahati tu kwa sababu ya uzazi wa mpango.

Katikati ya hayo yote kuna mwanamume alimfuata mume wangu, sijui alisikia wapi, akamwambia kama mnaogopa tatu mi nawatengenezea, naleta kijana anamuoa mkeo usiku mmoja, asubuhi anaacha, laki tatu yameisha. Muhalili. Na mume wangu, nasema kwa uchungu, alinipigia akaniuliza nasemaje. Nilimkatia simu. Hadithi za laana ya Mtume kwa muhalili na kwa anayehalalishiwa ziko wazi kabisa, kuna mpaka ile inayomwita beberu la kuazima. Nimekuja kusikia kwamba wapo wanavyuoni wanaosema ndoa yenyewe inasihi kama sharti halikutajwa wakati wa kufunga ndoa, wengine wanasema batili moja kwa moja kama nia ilikuwa hiyo. Mi sikutaka kujua tofauti zao hapo. Mtu akikutajia bei, toka.

Na nilipoteza hela kwa mwingine, huyu alisema ndoa yetu ina hasadi, akaniandikia kombe kwa zafarani ninywe siku saba, 80,000. Mtu kalewa hasira kaacha mke, mi ndo nakunywa zafarani. Nauli za Tanga mara mbili, bajaji, vocha, "sadaka" mezani kwa kila niliyemuendea, nilivyokuja kujumlisha nikaacha njiani nisijiumize.

Aliyetutoa ni mzee mmoja, Mshafii, ambaye watu wa mtaa walikuwa wanampelekea mashauri, sitamtaja kwa sababu hapendi. Kaka ndo alimpata. Tofauti yake ya kwanza na wote: alikataa kunisikiliza peke yangu. Akasema mlete mumeo, neno ni la aliyelitoa. Karibu miezi mitatu nimezunguka mji mzima na hakuna mtu aliyemuuliza mume wangu hata swali moja! Ikachukua muda kumpata kwa sababu alisafiri kikazi Mbeya, tukakaa tarehe 14 Juni.

Tofauti ya pili: kabla hatujafungua mdomo akauliza, "Nitakachosema mtakishika hata msipokipenda? Kama mnataka jibu lingine, masheikh wako wengi, msinipotezee muda." Tukasema tutashika. Akatoa karatasi tukaweka sahihi, sote wawili na kaka kama shahidi. Akasema kanuni ya mafakihi ni kwamba hukumu ya kadhi inaondoa khilafu, yaani tofauti za wanavyuoni, na kwa sababu yeye si kadhi wa serikali basi hukumu yake inapata nguvu kwa sisi kuridhia wenyewe.

Kisha akaanza. Ulisema nini? Sema kama ulivyosema. Mume wangu akasema kwa sauti ndogo. Ulinyamaza kati ya neno na neno? Hapana, yalitoka kwa pamoja. Ulitaja idadi? Hapana. Ulikusudia kumuacha mara tatu au ulikuwa unakazia? Mume wangu akakaa kimya muda, akasema, "Sheikh, sikuwa nahesabu. Nilikuwa nataka asikie." Akaapishwa juu ya hilo. Mimi akanitoa nje, mkewe akaniuliza habari za hedhi, akamrudishia majibu.

Basi yule mzee akasema, na hapa ndo nilitaka kuzirai: katika madhehebu hayahayo ya Imam Shafi, mtu akirudia neno mfululizo na akakusudia kukazia, inahesabika moja. Akikusudia kila neno liwe talaka yake, ndo tatu. Asipokusudia chochote pia wanampitishia tatu, ndo maana ya kiapo. Maana yake tatu ya mama yangu na moja niliyoililia zote zilikuwemo ndani ya madhehebu yetu wenyewe, sikuhitaji kuhama kwenda popote, nilihitaji mtu auulize mdomo uliosema. Kwenye hedhi akasema imepita pamoja na dhambi yake, kwa sababu Ibn Umar, mtoto wa yule Umar, alipomuacha mkewe katika hedhi Mtume alimwamuru amrejee, na mzee akaongeza, "humrejei ambaye hujamwacha". Najua wale wengine wanasema "amrejee" hapo ni amrudishe tu alipokuwa. Nilishaweka sahihi, nikanyamaza.

Kwa hiyo talaka moja, rejea. Mume wangu uso ukafunguka, akasema "basi nimemrejea". Mzee akasema ngoja kwanza. Daftari.

Tukafungua daftari mezani. Talaka tarehe 12 Machi, ndani ya hedhi, hedhi ile haihesabiwi. Baqara 228 inasema waachwao wangoje "quruu" tatu, na neno hilo Waarabu wanalitumia kwa tohara, yaani siku za usafi kati ya hedhi na hedhi, na kwa hedhi pia, Mashafii wameshika tohara, Mahanafi wameshika hedhi. Kwa tohara, eda yangu iliisha niliposhika hedhi tarehe 2 Juni. Kwa hedhi ingesogea siku sita hivi, tarehe 8. Kwa hesabu yoyote ile tulikuwa tumechelewa. Wakati wote ule mume wangu angeweza kunirejea kwa neno moja, bila mahari, hata bila kuniuliza, lakini alikuwa anaogopa kwa sababu mi nilimfikishia "tatu" ya simu ya dakika mbili. Sasa mzee akamwambia umekuwa kama mwanamume yeyote mwingine, ukimtaka utaposa upya, mahari mapya, na ridhaa yake. Akanigeukia, "Unasikia binti yangu? Ridhaa yako."

Matunzo ya eda ya rejea ni haki, chakula na makazi. Mzee akapiga 5,000 kwa siku, siku 82, 410,000. Halafu akasema lakini ulitoka nyumbani mwenyewe, hakukufukuza, na hilo kwa kitabu linakukosesha. Akatupatanisha nusu, 205,000. Begi lile na bajaji ile vilinigharimu 205,000, na hapo sijasema nafasi ya kukaa mle ndani tukatulia wawili labda tusingefika popote.

Jambo ambalo wengi hawajui, yote hayo hayakutosha kwa serikali. Huku bara karatasi ya sheikh peke yake haivunji ndoa mbele ya sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mpite kwanza baraza la usuluhishi, likishindwa linatoa fomu namba 3, ndo unaenda nayo mahakama ya mwanzo. Binamu yangu yuko Mombasa, wao wanaenda Mahakama ya Kadhi moja kwa moja, iko ndani ya katiba yao ya 2010, na Zanzibar nako wana makadhi wa serikali. Sisi tunazunguka. Baraza la kwanza niliambiwa mwenyekiti hayupo mara tatu, la pili likanishughulikia. Usiache hatua hii kwa kujisemea dini imeshamaliza, maana bila talaka ya mahakama mambo ya nyumba na kiwanja yanakuwa magumu, na usikubali mtu akwambie wewe mama wa nyumbani huna chako. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Na hao walikuwa Waislamu kama sisi.

Watu wananiuliza sasa we unaamini ipi, tatu au moja au sifuri. Mi nimebaki Mshafii wa Tanga, nasali na dua yangu ya kunuti alfajiri, na yule kijana wa Answar bado ni rafiki wa nyumbani, akija hatuongelei maulidi tunaongelea mpira. Ila sitafuti tena jibu kwa kuhesabu nani kasema nilichotaka. Naona nilivyokuwa nafanya, nilikuwa sitafuti hukumu ya Mungu, nilikuwa natafuta sheikh wa kuninyamazishia moyo.

Mume wangu siku ileile nje ya mlango wa yule mzee aliniuliza, "Sasa?" Nikamwambia njia anaijua, alete posa kwa kaka kama alivyoleta mara ya kwanza, na safari hii mahari nataja mwenyewe. Akasema atakuja Ijumaa. Ijumaa zimepita nyingi. Bado anatuma meseji usiku anauliza watoto wamekula.

Namjibu wamekula.